Unga Ambao Bibi Laura Hakuutaja

Laura Ingalls Wilder alikuwa na miaka 65 kitabu chake cha kwanza kilipotoka, mwaka 1932. Umri huo hapa kwetu Kakuma ni wa koko anayekaa kivulini akichambua maharage, na wapita njia wanamsalimia kwa heshima halafu wanaendelea na safari zao. Yeye akaandika. Alizaliwa 1867 kwenye msitu wa Wisconsin, Marekani, akafa 1957 kule Missouri, siku 3 tu baada ya kutimiza miaka 90. Utoto wake wote ni kuhama, gari la farasi lililofunikwa turubai, kutoka Wisconsin hadi Kansas, kurudi, kwenda Minnesota, Iowa, Minnesota tena, mwishowe Dakota. Dada yake Mary akapofuka. Laura mwenyewe alianza kufundisha shule kabla hajafika miaka 16. Akaolewa, mume wake akaugua dondakoo na kubaki na miguu dhaifu, mtoto wao wa kiume akafa kabla ya kupewa jina, nyumba ikaungua, na mambo hayo yote yaliwapata ndani ya miaka kama 2 hivi.

Mtu wa maisha kama hayo akisema ana hadithi, unavuta kiti.

Alitoa vitabu 8 kabla ya kufa, karibu vyote juu ya maisha hayo ya nyikani. Kwenye rafu ya chumba chetu cha vijana vimo viwili, Little House on the Prairie cha 1935 na The Long Winter cha 1940, vimechakaa vizuri, maana vimesomwa. Halafu kuna kitabu cha tatu ambacho mfanyakazi mmoja wa shirika aliniazima, Pioneer Girl. Hicho ndicho kilichonifanya niandike hapa. Laura alikimaliza mwaka 1930, kabla ya hivyo vingine vyote. Ni maisha yake kwa jina lake, kwa watu wazima, bila kupambwa sana. Wachapishaji wakakikataa. Kikalala mpaka 2014 ndipo kikachapishwa South Dakota pamoja na maelezo ya wanahistoria. Kwa hiyo leo tunaweza kufanya jambo ambalo wasomaji wake wa zamani hawakuweza, yaani kuweka alichokikumbuka kando ya alichoamua kusimulia.

Nianze na sifa, kwa sababu anazistahili, na kwa sababu kuna vijana wenzangu ambao wakisikia tu "mzungu wa zamani" wanafunga masikio.

The Long Winter ni kitabu cha njaa, na sijasoma kinachoijua njaa kuliko hicho. Ni majira ya baridi ya 1880 hadi 1881, mji mdogo wa De Smet, Dakota. Dhoruba za theluji zinafuatana mpaka reli inafukiwa na treni inaacha kuja. Mji ule ulikuwa unalishwa na treni kama sisi tunavyolishwa na malori, na hebu sema nani humu hajui maana ya kuulizana kila asubuhi kama lori limeonekana. Makaa ya mawe yanaisha. Baba analeta nyasi kavu kutoka shambani, anazisokota kama kamba nene, wanazichoma vipande vipande, na kipande kimoja kinaungua upesi hivi kwamba mtu mmoja lazima akae anasokota siku nzima. Unga unaisha. Wanasaga ngano kwa kinu kidogo cha mkono cha kusagia kahawa, kwa zamu, hata Mary asiyeona anasaga, mchana kutwa, ili kupata mkate mmoja wa siku.

Angalia anavyofanya kazi hapo. Hasemi "tuliteseka". Anakueleza mkono unavyouma kwa kusokota nyasi. Anakuonyesha watu wanavyoanza kuwa wazito wa akili, sauti ya kinu ikizunguka, hakuna anayetaka kuongea, baba anashindwa kupiga fidla yake kwa sababu vidole vimevimba kwa baridi na kazi. Siku ile fidla inaponyamaza, kijana mmoja kwenye kikundi chetu, mtu mkubwa wa miaka 19, alisema, "Hapo ndiyo nimeogopa." Njaa ya maneno makubwa haimwogopeshi mtu wa kambi. Hiyo ya vidole, ndiyo.

Na kuna ukali ndani yake ambao watu wanausahau kwa sababu wanadhani ni vitabu vya watoto. Almanzo, kijana ambaye baadaye atakuwa mume wa Laura, ana ngano ya mbegu ameificha nyuma ya ukuta wa mbao wa uongo. Baba yake Laura anakisia ngano ipo, anakwenda na ndoo, anachomoa kizibo kwenye ukuta mbele ya macho ya vijana wenyewe, na ngano inamwagika. Halafu Almanzo na mwenzake wanakwenda mbali kwenye theluji kutafuta ngano ya mkulima mmoja, wanahatarisha maisha bila kutoza kitu, na mwenye duka anataka kuiuza kwa faida kubwa. Mji unakusanyika dukani kwa hasira. Sura hiyo ukiisoma karibu na maduka yetu ya kambi wakati posho imepunguzwa, hakuna haja ya mwalimu kukufafanulia.

Sasa nije kwenye kinachonisumbua.

Katika kitabu, ndani ya nyumba ile mna baba, mama na mabinti wanne. Hao tu, dhidi ya dhoruba. Katika Pioneer Girl tunakuta kumbe mlikuwa na familia nyingine ndani: kijana mmoja aitwaye George Masters, mke wake Maggie, na mtoto wao mchanga. Walikuja, theluji ikafunga njia, wakabaki. Laura hakuwapenda. Anasema George hakuwa mtu wa kusaidia kazi na alikuwa wa kwanza kujaa mezani. Wakati wa kutunga The Long Winter akawatoa wote watatu. Aliona wangeharibu hadithi, kwamba familia ingeonekana haiko peke yake.

Mimi nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikacheka kwanza. Kwani nani hapa hajawahi kutamani kuwafuta watu wa nyumba moja? Tumelala familia mbili chini ya bati moja, tunajua mgeni anayekula haraka ni mtu gani. Kwa hiyo simlaumu kwa kuchoka na George. Lakini ona hadithi inavyogeuka. Ukimweka George ndani, una hadithi ya watu 9 katika vyumba vichache, wenye ubahili na ukarimu vikigombana kila siku mezani, mama anagawa mkate kwa jicho la haki huku moyo unakataa. Hiyo ingekuwa hadithi kubwa zaidi. Ukimtoa, una familia safi inayojitegemea. Kama msomaji naona tumenyang'anywa sehemu iliyo ngumu kuliko zote, ile ya kugawana na mtu usiyempenda.

Halafu unga.

Miaka ya 1870, kabla ya Dakota, familia ilikuwa Minnesota kando ya kijito cha Plum Creek. Nzige wakaja. Laura ameiandika sehemu hiyo vizuri mno, wingu linalong'aa mbele ya jua, mlio wa taya zikitafuna, kuku wakishiba nzige. Waliokuwa hapa Turkana mwaka 2020 hawahitaji tafsiri. Ngano yote ikaisha, na mwaka uliofuata mayai yakaanguliwa. Baba akatembea kwa miguu kwenda mashariki kutafuta kibarua cha mavuno. Hayo yamo kitabuni. Kisichokuwamo ni kwamba serikali ya jimbo ilitoa unga wa msaada kwa wakulima walioliwa na nzige, na ili kuupata, mkulima alitakiwa kuapa kwamba hana kitu chochote. Charles Ingalls, baba shujaa wa vitabu vyote hivi, alikwenda akaapa, akapewa unga. Kumbukumbu za ofisi zinaonyesha hivyo. Caroline Fraser ameieleza habari hiyo katika Prairie Fires, kitabu chake juu ya maisha ya Laura kilichopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2018.

Ndugu msomaji, na wewe wa shirika unayesoma ukurasa huu wakati wa chai: fikiria kiapo hicho. Mwanamume anasimama mbele ya karani anasema sina kitu. Wengine wetu tumesimama hapo zaidi ya mara moja, na fomu inabadilika rangi tu. Katika vitabu 8 Laura hakupata nafasi ya kuandika mistari miwili juu ya unga huo. Wala hakuandika kwamba ada ya Mary kwenye shule ya wasioona kule Iowa ililipwa na serikali ya Dakota. Ukisoma vitabu, unabaki na picha ya familia inayobana senti na Laura anayekwenda kufundisha ili dada asome. Kubana senti ni kweli, kufundisha ni kweli. Ila mkono wa tatu uliokuwa unashika mzigo umekatwa kwenye picha. Mwaka mzima wa Iowa nao umerukwa, mwaka ambao ulimalizika kwa familia kutoroka usiku kwa sababu ya deni. Kabla ya kufika huko walikuwa wamemzika mtoto wa kiume wa miezi 9. Naye hayumo.

Kwa nini? Wakati anaandika, Marekani ilikuwa kwenye anguko kubwa la uchumi. Yeye na binti yake Rose walikuwa wamepoteza akiba zao. Rose Wilder Lane alikuwa mwandishi mwenye jina, ndiye aliyemhariri mama yake kwa mkono mzito, na alikuwa akichukia waziwazi misaada ya serikali ya Rais Roosevelt. Katika hali hiyo baba aliyeapa kwa ajili ya unga hakufaa. Lakini sitaki kumtupia Rose kila kitu, maana ni rahisi mno. Naamini pia ilikuwa aibu ya kawaida. Bibi wa miaka 65 anamkumbuka baba yake aliyempenda kuliko watu wote, na hataki mjukuu wa mtu yeyote amwone amesimama kwenye foleni.

Namwelewa. Na bado nasema kitabu kimepungukiwa.

Kuna upungufu mwingine, na huo ni mkubwa kuliko aibu. Little House on the Prairie inasimulia familia kwenda Kansas kujenga kibanda cha magogo kwenye nyika tupu. Haikuwa tupu. Ilikuwa ardhi ya Waosage, walioahidiwa kwa mkataba, na walowezi kama Charles Ingalls walijikatia viwanja humo kabla serikali haijaruhusu. Ile sheria ya 1862 iliyowapa walowezi ekari 160 wakikaa miaka 5 haikuwa inahusu ardhi hiyo. Kitabu kinasema kibanda kilikuwa maili 40 kutoka mjini. Watafiti wamekikuta kama maili 13 tu. Na Laura aliondoka pale akiwa na miaka 4, kwa hiyo mengi yaliyomo si kumbukumbu yake. Ni masimulizi ya wazazi kando ya moto, na mzazi akisimulia uvamizi wake anasimulia kama safari.

Katika chapa ya kwanza kulikuwa na sentensi iliyosema, kwa maana yake, kwamba huko hakukuwa na watu, Wahindi Wekundu tu. Mwaka 1952 msomaji mmoja alilalamika kwa mchapishaji. Laura akakubali kosa, na chapa ya 1953 ikaweka "walowezi" badala ya "watu". Mwaka 2018 chama cha wakutubi wa watoto Marekani kikaondoa jina lake kwenye tuzo yake. Watu wakabishana sana. Mimi naona neno moja lilibadilishwa na nyumba ikabaki palepale. Waosage wanaingia kibandani, wanachukua mkate wa mahindi na tumbaku, mama anatetemeka, na msomaji mtoto anatetemeka naye. Soma tena ukijua kiwanja ni cha nani. Ni kama mwenye nyumba amekuja kuulizia kodi.

Na bado, kuna sura moja karibu na mwisho inayonishinda. Waosage wanaondoka, mstari mrefu wa farasi unapita mbele ya kibanda mchana kutwa. Laura mdogo anamwona mtoto mchanga mwenye macho meusi kwenye kikapu kando ya farasi, anamtaka, analia amletewe. Wazazi wanamwambia nyamaza. Mwandishi hafafanui. Mtoto anataka kumchukua mtoto wa watu wanaofukuzwa kwa ajili yake, na kwa muda huo kitabu kinasema ukweli ambao mwenye kitabu hajui kama anausema. Ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kitolewe kwenye rafu.

Hapa lazima niseme kitu ambacho baadhi ya wenzangu hawakukipenda kwenye mjadala wetu. Tunaposoma, sote tunakimbilia upande wa Waosage. Tumefukuzwa, tumepita kwa mistari mirefu, tunajua. Sawa. Lakini kambi hii imekaa kwenye ardhi ya Waturkana tangu 1992. Hatukuja na bunduki wala karatasi za viwanja, tuliletwa hapa, tofauti ni kubwa na siifuti. Lakini akina mama wa Kiturkana wanapita mlangoni na kuni na mkaa kichwani, wanabadilishana kwa unga, na kwenye hadithi ambazo vijana wetu wanaandika mama huyo huwa hana jina. Anaitwa "mwenyeji mmoja". Anatokea, anauza kuni, anatoka. Yule mzee wa Kihindi katika The Long Winter naye ni hivyo hivyo: anaingia dukani, anatabiri miezi 7 ya dhoruba kwa lugha iliyovunjika, mji unaokolewa na habari yake, na hatumwoni tena. Nani alimlisha yeye baridi ile? Laura hakuuliza, na sisi hatujauliza.

Kwa kulinganisha, yuko daktari mweusi katika Little House on the Prairie. Familia nzima imelala na homa ya malaria, jirani anasema imeletwa na matikiti maji, na anafika daktari aliyekuwa akiwatibu Waosage, anawapa dawa chungu, wanapona. Ni mtu wa kweli, George Tann, na kaburi lake lipo Independence, Kansas. Amepewa kurasa chache tu lakini amepewa jina, mikono, kicheko. Laura alipotaka aliweza.

Haya yote si mambo ya Marekani ya zamani kwetu, kwa sababu mwaka huu kikundi chetu kimeanza kuandika maisha ya wazee. Koko mmoja wa kwetu Fizi ametupa saa nyingi. Alivuka Ziwa Tanganyika 1996 kwenda Kigoma, akarudi nyumbani, akakimbia tena, safari hii mpaka Kenya. Ukimsikiliza akiwasimulia wajukuu, alivuka kwa nguvu zake, akalima muhogo, akauza, akalea. Ukimsikiliza akieleza kwa watu wenye fomu, hana nguvu, hana muhogo, ana mahitaji. Zote mbili ni kweli na kila moja imekatwa mahali. Sehemu iliyokosekana kote ni mama wa Kigoma aliyemlaza jikoni kwake na watoto miezi 4. Ilitoka siku moja kwa bahati tu, tulipokuwa tunaongea juu ya chumvi.

Nikamwambia hiyo ndiyo iandikwe. Akakataa. "Mwanangu, mambo ya kuomba hayaandikwi." Nikamsimulia habari za baba yake Laura na kile kiapo cha unga. Alinyamaza kidogo, akauliza huyo mzee alikuwa na watoto wangapi wakati huo, na nzige walikaa muda gani. Halafu akasema, "Basi andika. Ila anza na muhogo niliolima mwenyewe. Wa kupewa uje nyuma."

Nimekubali mpangilio wake. Mhariri mwenzangu anaona jikoni la Kigoma lingefungua hadithi kwa nguvu zaidi, na labda kwa msomaji wa mbali ni kweli. Lakini kuchagua kipi kitangulie ni haki ya mwenye maisha. Kukifuta kabisa ndiko ninakogombana nako, na ningegombana hata na Laura angekuwa amekaa hapa kwenye benchi na miaka yake 90.

Kwa wanaotaka kusoma: anzeni na The Long Winter, hata kama mpangilio wa miaka unataka vingine, kwa sababu ndicho bora. Little House on the Prairie msikisome peke yenu bila mtu wa kubishana naye. Louise Erdrich, ambaye ana asili ya Waojibwe, ameandika The Birchbark House, cha 1999, juu ya msichana wa Kiojibwe wa mwaka 1847, ambako wazungu ndio wanaosikika kwa mbali wakisogea. Hicho hatuna, nimekiandika kwenye daftari la maombi ya vitabu. Jumamosi saa 10 jioni tunasoma kwa sauti, ninatafsiri papo hapo kwa Kiswahili, na tukifika kwenye kurasa za Waosage siruki kitu.